Faili la Watu, Faili la Pesa: Kuingiza Walipwaji na Bechi za Malipo Kutoka Excel

Mfumo wowote wa malipo ya mkupuo, uwe wa benki au wa kampuni ya simu, una mahali pa kupakia faili. Wengi hudhani kazi ni moja tu: jina, namba, kiasi, bonyeza, pesa zimekwenda. Ndani ya mfumo mambo ni mawili. Kuna daftari la walipwaji, yaani watu ambao taasisi imekubali kuwalipa pamoja na njia ya kumfikia kila mmoja. Na kuna bechi, yaani agizo la kuwapa baadhi ya watu hao kiasi fulani siku fulani. Daftari hukaa miaka. Bechi huishi siku moja, na ikishalipwa hubaki kumbukumbu.

Chukua chama cha msingi cha wakulima wa korosho huko Mtwara chenye wanachama 640. Korosho zinauzwa kwa minada chini ya stakabadhi ghalani, kwa hiyo mkulima mmoja anaweza kulipwa mara tatu au nne katika msimu. Akaunti yake ni ileile kila mara. Kinachobadilika ni kilo, bei ya mnada na makato. Mhasibu anayetengeneza kila mnada faili jipya lenye jina, akaunti na kiasi anaandika upya akaunti 640 ambazo hazikuwa na haja ya kuguswa, na kila mguso ni nafasi ya kukosea.

Kwa hiyo faili la watu liwe na safu hizi: namba ya mlipwaji, jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, njia ya malipo (simu au benki), namba ya simu au msimbo wa benki na tawi pamoja na akaunti, na namba ya kitambulisho. Faili la bechi liwe na namba ya mlipwaji, jina, kiasi, kumbukumbu ya muamala (alama ya kuyatambulisha malipo hayo) na maelezo mafupi. Akaunti haimo kabisa. Jina limewekwa kwa ajili ya kulinganisha tu: mfumo unasoma namba M0147, unamtafuta kwenye daftari, unaona kama jina la kwenye bechi ni lile lile, na yasipolingana unaukataa mstari.

Ulinganisho huo unakulinda na kosa baya kuliko yote katika kazi hii, nalo ni kupanga safu moja peke yake. Mtu anataka majina yaende kwa alfabeti. Anachagua safu ya majina, anabonyeza kitufe cha kupanga, Excel inamuuliza kama ijumuishe safu za jirani, naye kwa haraka anajibu hapana. Majina yamehama, akaunti zimebaki. Wakati mwingine Excel haiulizi hata kidogo: ukiacha safu tupu katikati ya jedwali ili lipendeze, Excel huona majedwali mawili na hupanga moja tu. Baada ya hapo idadi ya mistari ni 640 kama mwanzo, jumla ya shilingi haijabadilika hata senti, kila akaunti ni halali, na kila mtu amepewa akaunti ya mwenzake. Hakuna hesabu ya kujumlisha itakayoliona kosa hilo. Faili la bechi lenye namba na jina pamoja hulikamata papo hapo, kwa sababu mistari karibu yote itagoma.

Mifumo mingine hukubali faili moja lenye kila kitu, na husajili watu wapya kimyakimya wakati wa kulipa. Ni rahisi kwa posho ya semina ya watu 30 ambao hutawaona tena. Kwa mishahara, pembejeo au malipo ya wanachama, uzime mpangilio huo kama mfumo unaruhusu. Ukiuacha wazi, mtu anayeandaa bechi ndiye huyohuyo anayeongeza majina, na wafanyakazi hewa huzaliwa hapo.

Namba za simu

Asilimia kubwa ya mistari inayokataliwa ina tatizo kwenye safu hii, na chanzo chake ni tabia moja ya Excel: ikiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu. Hesabu haina haja ya sifuri ya mwanzo, kwa hiyo namba ya tarakimu 10 inayoanza na 07 inabaki tarakimu 9. Alama ya kujumlisha mbele ya 255 nayo inamezwa, maana kwa Excel +5 na 5 ni kitu kimoja.

Baya zaidi ni namba iliyoandikwa kikamilifu kwa msimbo wa nchi. Ina tarakimu 12, na seli ya kawaida ya Excel huanza kufupisha hesabu zinapofika tarakimu 12. Namba inayoanza na 255712 inaonekana kama 2.55712E+11. Ndani ya Excel namba kamili bado ipo. Lakini ukihifadhi kama CSV, yaani faili la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana. Mfumo ukisoma 2.55712E+11 kama hesabu unapata 255712000000, na watu wote ambao laini zao zinaanza na 255712 wanageuka mtu mmoja. Ukiona mfumo unalalamika kuwa kuna walipwaji 90 wenye namba moja inayoishia na sifuri sita, sababu ni hiyo. Kuifungua CSV hiyo tena hakusaidii, tarakimu zilishapotea. Rudi kwenye faili la Excel la awali.

Dawa ni kuibadili safu nzima kuwa Text kabla ya kubandika chochote, kisha kubandika maandishi matupu bila mpangilio wa kule yalikotoka. Utaratibu ni muhimu: kuibadili safu kuwa Text baada ya sifuri kupotea hakuirudishi sifuri. Vilevile usifungue CSV kwa kuibofya mara mbili. Fungua Excel kwanza, nenda kwenye menyu ya Data, chagua kuleta kutoka Text/CSV, na uieleze safu ya simu na ya akaunti kuwa ni maandishi. Tangu 2023 Excel mpya zina mpangilio wa kuzima ugeuzaji huu wa kujiamulia. Wanasayansi wa jeni walikuwa wameshachoka kusubiri: mwaka 2020 walibadilisha majina ya jeni kadhaa, ikiwemo MARCH1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Namba yako ya mwanachama iliyoandikwa 6-14 itapata ajali hiyohiyo, na 12E5 itakuwa milioni moja na laki mbili. Namba ya mlipwaji ianze na herufi, kama M0147, halafu tarakimu tupu.

Orodha ikiwa imeshachanganyika, nyingine zina sifuri, nyingine zina 255, nyingine ni tarakimu 9, fomula inayotumika sana ni hii:

="255"&RIGHT(B2,9)

Inachukua tarakimu 9 za mwisho na kuzitanguliza msimbo wa nchi. Inafanya kazi, ila ina mtego. Aliyeandika tarakimu moja ya ziada, yaani 11 zinazoanza na 07, atakatwa mwanzo: zitachukuliwa 9 za mwisho, zitaungwa na 255, na matokeo yatakuwa tarakimu 12 safi kabisa ambazo si namba yake. Tanzania mara nyingi utaiona kwa sababu tarakimu inayofuata 255 kwenye laini za simu za mkononi ni 6 au 7, ila zilizoanza na 076 au 077 zitakupita. Kenya unaweza usiione, kwa kuwa tangu laini za 01 zianze, 2541 ni mwanzo halali. Kwa hiyo pima urefu kabla ya kugeuza. Tengeneza safu ya =LEN(B2), ichuje, na ukubali 9, 10, 12, na 13 kama kuna alama ya kujumlisha. Urefu mwingine wowote mpigie mhusika. Hapo ndipo utakapowakuta pia waliojaza namba mbili kwenye seli moja wakizitenga kwa mkwaju (/), wakiamini wewe utachagua.

Urefu ukiwa 14 na macho yako yanaona tarakimu 12, kuna herufi zisizoonekana. Nafasi ya kawaida ya mwanzoni au mwishoni inaondolewa na fomula ya TRIM. Nafasi iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti mara nyingi ni ya aina nyingine, namba 160, na TRIM huiacha ilivyo. Iondoe kwa SUBSTITUTE(B2,CHAR(160),""). Namba zilizonakiliwa kutoka WhatsApp au kwenye orodha ya mawasiliano huja wakati mwingine na alama za uelekeo wa maandishi, moja mwanzoni na moja mwishoni, ambazo ni UNICHAR(8234) na UNICHAR(8236). Nazo huondolewa kwa SUBSTITUTE. Ukimaliza, nakili matokeo na uyabandike kama thamani, maana mifumo mingi haisomi fomula.

Safu ya mtandao wa simu, kama mfumo unaitaka, usiijaze kwa kutazama tarakimu za mwanzo. Kenya iliruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba mwaka 2011, Tanzania 2017. Aliyehama bado ana tarakimu za mtandao wa zamani.

Akaunti, misimbo na vitambulisho

Kwenye akaunti za benki sifuri ya mwanzo hupotea vilevile, na misimbo ndiyo huumia zaidi. Kenya benki hutambuliwa kwa tarakimu 2 na tawi kwa tarakimu 3. Benki ya KCB ni 01. Ikiandikwa kama hesabu inakuwa 1, na tawi 007 linakuwa 7. Mifumo mingine hujazia sifuri yenyewe, mingine hukataa, na ile inayounganisha msimbo na tawi kuwa namba moja hupata benki nyingine kabisa. Msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki kimataifa, una herufi 8 au 11, kama NMIBTZTZ au CORUTZTZ. Hapo kosa la kawaida ni kuandika sifuri badala ya herufi O.

Kuna mpaka mwingine ambao wengi hawaujui: Excel hukumbuka tarakimu 15 tu za hesabu yoyote. Ya 16 na kuendelea zinageuzwa sifuri, tena papo hapo, hata kabla hujahifadhi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20. Ukiibandika bila vistari kwenye safu isiyo ya maandishi, tarakimu 5 za mwisho zimekwisha. Ukiibandika na vistari vyake inabaki salama, kwa sababu vistari huifanya kuwa maandishi.

Na hata ikiwa maandishi, COUNTIF inayotumika kutafuta waliojirudia huigeuza kuwa hesabu wakati wa kulinganisha. Tarakimu 8 za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo watu wawili wa siku moja ambao tarakimu zao 15 za mwanzo zimelingana wataonekana ni mtu mmoja. Kabla hujamwita mtu tapeli, linganisha kwa =A2=A3 baada ya kupanga jedwali zima; ulinganisho huo hauna upungufu huo.

Laini moja kutumiwa na walipwaji wawili si lazima iwe wizi. Mume na mke hutumia simu moja, mzee wa kijijini hupokea kwa simu ya mjukuu. Daftari liwe na safu ya maelezo yenye sababu na jina la aliyeidhinisha, la sivyo kila ukaguzi utaanza upya na maswali yaleyale.

Majina

Kampuni za simu na benki nyingi huweza kurudisha jina lililosajiliwa kwenye namba au akaunti kabla pesa hazijatoka. Huduma hiyo ikiwepo, itumie wakati wa kuingiza daftari, usisubiri siku ya bechi. Siku ya bechi watu wanasubiri pesa, na hakuna mwenye subira ya kuchunguza majina 40 yasiyolingana.

Mashine inayodai herufi zote zilingane itakataa nusu ya watu wako. Mohamed, Mohammed na Muhammad. Said na Saidi. Jina la babu lililowekwa kwenye kitambulisho na kuachwa kwenye fomu. Vizuri mfumo utoe makundi matatu: yaliyolingana, yanayokaribiana, na yaliyo tofauti kabisa. Kundi la kati ni la mtu kuyapitia kwa macho.

Kisha kuna ritifaa. Ng'ang'a, Wang'ombe na Nyong'o huandikwa kwa alama iliyonyooka, lakini simu na Word huibadilisha kuwa alama iliyopinda. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo jina halilingani na la benki. Na kama faili la CSV limehifadhiwa kwa usimbaji mmoja (njia ya kompyuta kuandika herufi) likasomwa kwa mwingine, ritifaa iliyopinda hutokea kama â€™ katikati ya jina. Hifadhi kwa chaguo la CSV UTF-8, na uzibadili ritifaa zote kuwa zilizonyooka kabla ya kupakia. Kama mfumo ukidai kwamba safu ya kwanza haipo ilhali unaiona, mara nyingi ni alama fiche ambayo UTF-8 ya Excel huiweka mwanzoni mwa faili. Tumia XLSX, yaani faili la kawaida la Excel, au, kama mfumo unakubali safu ya ziada, weka safu isiyo na umuhimu iwe ya kwanza.

Kiasi

Andika 50000. Si 50,000/=, si Tsh 50000, si "elfu hamsini". Alama ya /= tuliyoizoea kwenye risiti hugeuza seli nzima kuwa maandishi, na SUM huyaruka maandishi bila kusema neno. Mistari 12 ikiwa na /=, jumla chini ya jedwali itapungua kwa kiasi cha mistari hiyo 12, na utaomba fedha pungufu benki. Dalili yake inaonekana: hesabu hukaa kulia ndani ya seli, maandishi hukaa kushoto.

Senti huleta vurugu ya chinichini. Kilo mara bei, toa makato ya asilimia, unapata 184,499.6. Seli imepangwa isionyeshe desimali, kwa hiyo unaona 184,500. Ukihifadhi CSV, 184,500 ndiyo inayokwenda. Ukipakia XLSX, mfumo unasoma 184,499.6. Jedwali moja, jumla mbili. Kwa mistari 640 tofauti inaweza kufika shilingi 320, ndogo kwa thamani lakini inatosha kuifanya bechi ikataliwe kwa kutolingana na jumla iliyotajwa. Weka ROUND ndani ya fomula yenyewe, si kwenye mwonekano wa seli.

Kwa malipo ya simu amueni mapema kuhusu ya kutolea. Kama taasisi inamlipia mlipwaji gharama ya kutoa kwa wakala, makato huenda kwa madaraja, hayako sawa kwa kila mtu, na kuongeza ya kutolea kunaweza kumvusha mtu daraja la juu ambako makato ni makubwa zaidi. Weka safu mbili, kiasi halisi na ya kutolea, halafu ya tatu inayozijumlisha. Hiyo ya tatu ndiyo iingie kwenye bechi. Bila hivyo, mkaguzi atauliza kwa nini posho ya 30,000 imelipwa 31 elfu na ushei.

Halafu vikomo. Kenya M-Pesa huruhusu hadi shilingi 250,000 kwa muamala, na salio la mteja halipaswi kuzidi 500,000. Mstari unaweza kufeli kwa sababu pochi ya mpokeaji imejaa, si kwa sababu namba yake ni mbovu. PesaLink, huduma ya Kenya ya kuhamisha pesa papo hapo kutoka benki moja kwenda nyingine, mwisho wake ni 999,999, na malipo ya benki kwa benki yanayozidi milioni moja hupita kwenye RTGS, mfumo wa benki kuu wa malipo makubwa, tangu 2009. Ukilazimika kumgawia mtu mistari miwili ndani ya bechi moja, upe kila mstari kumbukumbu yake, la sivyo kichujio cha malipo yaliyojirudia kitaukata wa pili.

Tarehe ya malipo iandikwe 2025-11-03. Kwa 03/11/2025 kompyuta moja husoma Novemba na nyingine Machi.

Umbo la faili

Mfumo ukikubali XLSX na CSV, chagua XLSX. CSV haikumbuki kwamba safu fulani ilikuwa maandishi, na hutenganisha safu kwa mkato au nukta mkato kulingana na mipangilio ya kompyuta. Kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa, kama nyingi za Bujumbura na Lubumbashi, hutoa nukta mkato, na mfumo unaosubiri mkato utaona safu moja ndefu.

Kiolezo pakua kwenye mfumo wenyewe na usibadili vichwa vya safu. Usiunganishe seli ili kuweka jina la taasisi juu. Usiache mstari wa JUMLA chini: kuna mifumo inayousoma kama mlipwaji anayeitwa Jumla, mwenye kiasi kikubwa kuliko wote. Karatasi inayosomwa mara nyingi ni ya kwanza tu.

Mistari iliyofichwa kwa kichujio haijaondoka. Ukichuja ili ubaki na waliohudhuria, ukahifadhi CSV, wasiohudhuria wamo ndani na watalipwa. Nakili mistari inayoonekana uibandike kwenye faili jipya. Kuburuta kona ya seli kwenda chini nako kuna hila: maandishi yanayoishia kwa tarakimu huongezeka, kwa hiyo "Mnada wa 3" hugeuka wa 4, wa 5, hadi mkulima wa mwisho awe analipwa kwa Mnada wa 642.

Jumla ya udhibiti na idhini

Kabla ya kupakia, andika pembeni mambo matatu: idadi ya mistari, jumla ya fedha, na kiasi kikubwa kuliko vyote kwenye orodha. Baada ya kupakia, linganisha na mfumo unavyosema. Umbo la faili la kimataifa ambalo benki hulitumia kupokea maagizo ya malipo, pain.001 la ISO 20022, lina nafasi maalum za idadi ya miamala na jumla ya udhibiti, kwa kusudi hilohilo. Faili likikatika njiani, hesabu hazitalingana.

Mafaili hukatika kweli. Mwaka 2020 huko Uingereza taarifa za wagonjwa 15,841 wa Korona zilichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu matokeo ya maabara yaliingizwa kwenye umbo la zamani la XLS, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa. Hakuna onyo lililotokea, na hakuna aliyekuwa akilinganisha idadi iliyoingia na iliyotumwa.

Mtayarishaji wa bechi asiwe muidhinishaji. Hilo kila ofisi inalijua, ila idhini nyingi ni kubonyeza tu. Agosti 2020 Citibank ilikusudia kulipa riba ya dola milioni 7.8 hivi kwa wakopeshaji wa kampuni ya Revlon, ikatuma karibu dola milioni 900. Watu watatu walikuwa wamepitia muamala huo. Walichokiona kwenye skrini hakikuwaonyesha pesa zinakwenda wapi. Muidhinishaji wako asipewe faili lilelile la mtayarishaji na kuambiwa "angalia". Afungue bechi ndani ya mfumo, atazame walipwaji walioongezwa au waliobadilishiwa akaunti tangu bechi iliyopita, viwango 10 vikubwa zaidi, na wale ambao kiasi chao kimeruka sana kuliko mara ya mwisho. Mistari 640 hakuna anayeisoma. Mistari 25 inasomeka.

Mabadiliko ya akaunti yastahili ukali kuliko kitu kingine chochote. Faili la kusasisha walipwaji huwa na mitego miwili. Kwanza, ujue seli tupu ina maana gani kwenye mfumo wako: "usibadili" au "futa". Jaribu kwa mlipwaji mmoja kabla ya 640. Pili, akaunti mpya isilipwe siku ileile ilipoingizwa. Mpigie mlipwaji kwa namba ya zamani iliyopo kwenye daftari, kamwe si kwa ile iliyokuja na barua ya kubadilisha.

Baada ya kubonyeza

Bechi hurudi na hali tatu: imefanikiwa, imeshindikana, inasubiri. Hiyo ya tatu ndiyo hulipisha watu mara mbili. Mtandao unakatika katikati, skrini inaonyesha kosa, mhasibu anadhani hakuna kilichokwenda, anapakia faili lilelile upya. Baada ya saa moja miamala iliyokuwa inasubiri inakamilika, na watu 212 wana pesa mara mbili.

Kinga ni kumbukumbu ya kipekee kwa kila mstari, inayotokana na malipo yenyewe: KOR25-MN3-M0147 inasema ni korosho za msimu wa 2025, mnada wa 3, mwanachama M0147. Mfumo wenye akili ukiiona mara ya pili unakataa. Isizidi herufi 35, kwa kuwa hicho ndicho kikomo kwenye pain.001. Usiitengeneze kwa saa au kwa namba za nasibu, maana faili likiandaliwa upya kumbukumbu zitakuwa mpya na mfumo hautajua kwamba ni malipo yaleyale.

Mistari iliyoshindikana kweli ikusanye kwenye bechi mpya, peke yake, baada ya kurekebisha sababu kwenye daftari la watu. Kumbukumbu iongezewe R1 mwishoni. Inayosubiri iache, iulizie kwa mtoa huduma kwa namba ya muamala. Kwa malipo ya benki, "imefanikiwa" ya leo inaweza kurudi kesho au keshokutwa kama akaunti imefungwa, kwa hiyo bechi usiifunge vitabuni kabla ya kuona taarifa ya benki ya siku zinazofuata.

Faili la matokeo lihifadhi pamoja na lile lililopakiwa, yote mawili bila kuyagusa. Nakala nyingine zifute. Orodha yenye majina, simu, akaunti na NIDA za watu 640 ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, na mahali inapopatikana kwa urahisi zaidi ni folda ya Downloads ya kompyuta ya ofisi na kundi la WhatsApp ambako mtu aliituma "tuhakiki majina".